Kifaa kikiacha kuuzwa, nani ataendelea kukitunza?

ANAYENUNUA sufuria hana haja ya kujua iwapo kiwanda kilichoitengeneza kingalipo miaka kumi baadaye. Sufuria itaendelea kupika. Hali si hiyo kwa vifaa vya nyumbani vinavyotegemea mtandao, kwani uhai wa vifaa hivyo umo katika programu, nayo programu hutunzwa na kampuni iliyo mbali na mwenye kifaa.

Jambo hili limedhihirika sana katika kundi moja dogo la bidhaa, yaani visanduku na vifaa vinavyopeleka michezo ya tarakilishi kwenye runinga ya sebuleni. Katika kundi hili vimo vilivyokufa siku ile ile huduma yake ilipofungwa. Kimo pia kimoja kilichoendelea kutunzwa na waliokiunda muda mrefu baada ya cha mwisho kutoka dukani.

Historia ya vifaa hivi humfunza mnunuzi la kuuliza kabla ya kutoa pesa zake.

Jinsi vinavyofanya kazi

Mchezo wenyewe hauendeshwi na kisanduku kilicho karibu na runinga. Huendeshwa na mashine yenye nguvu, ambayo huchora picha zipatazo 60 kila sekunde, huzibana ili zipite mtandaoni kwa wepesi, kisha huzituma kwa kisanduku. Kazi ya kisanduku ni kuzikunjua picha hizo na kuzionyesha.

Mchezaji anapobonyeza kidhibiti, amri yake husafiri kinyume hadi kwenye mashine ile. Safari hiyo ya kwenda na kurudi haina budi kukamilika kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Ikichelewa, mchezaji hubonyeza sasa na kuona matokeo baadaye, na mchezo hupoteza ladha.

Mashine hiyo yenye nguvu yaweza kuwa katika mojawapo ya mahali pawili. Yaweza kuwa tarakilishi ya mchezaji mwenyewe, iliyo katika chumba cha pili. Au yaweza kuwa seva ya kampuni, iliyo katika jengo ambalo mchezaji hatalifikia kamwe. Tofauti hiyo haionekani siku kifaa kinaponunuliwa, lakini ndiyo huamua kitakavyozeeka.

Kisanduku kilichotunzwa

Mfano unaotajwa zaidi wa utunzaji wa muda mrefu ni Steam Link, kifaa cha kampuni ya Valve yenye makao yake Bellevue, katika jimbo la Washington nchini Marekani. Valve ndiyo inayomiliki Steam, duka la michezo ya tarakilishi lililofunguliwa mtandaoni mwaka wa 2003.

Mnamo 2014, Steam iliwawezesha wateja wake kuendesha mchezo kwenye tarakilishi moja na kuucheza kwenye nyingine ndani ya nyumba ile ile. Novemba 2015, Valve ikatoa kisanduku maalumu cha kazi hiyo kwa bei ya dola 49.99 za Marekani.

Kilikuwa kifaa cha kawaida kabisa. Kilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 512, hifadhi ya gigabaiti 4, matundu matatu ya USB na tundu la waya wa mtandao, ingawa kiliweza pia kutumia Wi-Fi. Kilionyesha picha za kiwango cha 1080p, 60 kwa sekunde. Mfumo wake endeshi ulijengwa juu ya Linux, ambao msimbo wake uko wazi kwa umma.

Novemba 2018, Valve ilitangaza kwamba visanduku hivyo vilikuwa vimekwisha Ulaya na kukaribia kwisha Marekani, na kwamba havingetengenezwa tena. Katika tangazo hilo hilo, iliahidi kuendelea kuwahudumia waliokuwa navyo tayari.

Ahadi ni deni, na kwa kawaida deni la aina hii hulipwa kwa maneno tu. Mara hii mambo yalikuwa tofauti. Machi 2019, miezi minne baada ya tangazo, Valve ilitoa kwa majaribio huduma iliyomwezesha mchezaji kuifikia tarakilishi yake akiwa nje ya nyumba yake. Huduma hiyo haikutolewa kwa simu pekee. Visanduku vilivyoacha kuuzwa navyo vilipewa, bila malipo.

Kwa hakika, ni nadra kifaa kuongezewa uwezo mpya baada ya kuondolewa sokoni. Masasisho mengine ya kurekebisha kasoro yalifuata katika miaka iliyokuja.

Kwa nini iliwezekana

Wema wa kampuni pekee hautoshi kueleza jambo hili. Zipo sababu za kiufundi na za kibiashara ambazo mnunuzi anaweza kuzitafuta katika kifaa chochote.

Kwanza, kazi nzito hufanywa na tarakilishi ya mwenye kisanduku. Valve haihitaji kulipia seva ya kumchezeshea kila mteja, kwa hivyo kisanduku cha zamani hakiigharimu kampuni fedha nyingi kila mwezi.

Pili, kazi ya kisanduku haikufa pamoja na kisanduku. Programu ya Steam Link ilitolewa kwa simu za Android mwaka wa 2018. Desemba mwaka huo ikafika kwenye Raspberry Pi, tarakilishi ndogo ya bei nafuu. Mwaka wa 2019 ikaingia katika simu za Apple, baada ya Apple kuikataa mwaka mmoja kabla. Maadamu programu hiyo inaendelea kuboreshwa kwa ajili ya vifaa vipya, kukihudumia kile cha zamani huwa nyongeza ya kazi iliyokwisha kuanzwa.

Tatu, pato la Valve hutokana na kuuza michezo. Kisanduku kilikuwa mlango wa kuingilia dukani, na mwenye duka hana faida katika kuubomoa mlango ambao wateja wangali wanautumia.

Nne, kampuni haikuufunga mlango wa nyuma. Ilitoa zana za kuwawezesha watu wengine kuandika programu za kisanduku hicho, na ikamruhusu mwenye nacho kuingia ndani ya mfumo wake kwa mamlaka kamili. Kutokana na ruhusa hiyo, wanaojitolea kutunza Moonlight, programu ya bure ya kupeleka michezo kwenye runinga, waliandaa toleo linaloweza kusakinishwa kwenye Steam Link kwa kutumia diski ndogo ya USB.

Hata hivyo, utunzaji wa programu una mipaka. Hakuna sasisho linaloweza kuongeza kumbukumbu ya kisanduku wala kukifanya kionyeshe picha za 4K. Aidha, tarakilishi inayotuma picha nayo huzeeka. Januari 1, 2024, Steam iliacha kuhudumia tarakilishi zinazotumia Windows 7, Windows 8 na Windows 8.1. Mwenye tarakilishi ya aina hiyo hawezi kutegemea kisanduku pekee, hata kama ni kizima.

Vilivyokufa na huduma yake

Upande wa pili wa habari hii ni vifaa ambavyo mashine yake yenye nguvu ilikuwa mikononi mwa kampuni.

Huduma ya OnLive ilianza nchini Marekani mwaka wa 2010. Kwa dola 99, mteja alipata kisanduku kidogo cha runinga na kidhibiti chake. Aprili 30, 2015, huduma hiyo ilifungwa baada ya kampuni ya Sony kununua hataza zake. Visanduku havikuwa na kasoro yoyote siku hiyo, ila havikuwa na pa kuchukulia picha.

Wakenya wanaijua hali hii kwa njia nyingine. Mwishoni mwa Januari 2009, kampuni ya runinga ya kulipia ya GTV iliporomoka ghafla, na wateja wake hapa nchini na kwingineko barani wakabaki na ving'amuzi ambavyo havikuwa na cha kuonyesha. Ama kweli, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Google nayo ilizindua Stadia Novemba 19, 2019. Septemba 29, 2022 ikatangaza kwamba ingeifunga, na Januari 18, 2023 ikaifunga. Hapa kuna tofauti inayostahili kutajwa. Google iliwarudishia wateja fedha za michezo, na vilevile za vifaa walivyovinunua kutoka kwa duka lake.

Zaidi ya hayo, vidhibiti vya Stadia havikuachwa vife. Vilikuwa vimeundwa kuwasiliana moja kwa moja na seva za Google kwa Wi-Fi, hivyo bila huduma visingeweza kutumika ila kwa kuunganishwa kwa waya. Januari 2023, kampuni ilitoa zana ya kuwasha Bluetooth iliyokuwa imefungwa ndani yake, ili vitumike na tarakilishi au simu yoyote. Zana hiyo iliwekewa kikomo cha mwisho wa 2023, kisha muda ukaongezwa. Anayekipata kidhibiti hicho leo kutoka kwa mtu mwingine sharti aulize kwanza iwapo kiligeuzwa.

Sasisho linaloondoa

Kuna hali ya tatu, ambayo ni ngumu zaidi kuitambua. Kampuni ya Nvidia ilianza kuuza kisanduku cha runinga cha Shield mwaka wa 2015. Januari 2022, miaka takriban saba baadaye, toleo hilo la kwanza lilipewa mfumo endeshi wa Android 11. Kwa kipimo chochote, huo ni utunzaji mzuri.

Lakini Desemba 2022, kampuni hiyo hiyo ilitangaza kwamba ingeondoa GameStream, huduma iliyokuwa ikipeleka michezo kutoka kwa tarakilishi ya nyumbani hadi kwenye kisanduku hicho. Kuanzia Februari 2023, sasisho lilikuja likaiondoa. Kwa walionunua Shield kwa sababu ya huduma hiyo, kisanduku kilikuwa kizima, kilikuwa kikihudumiwa, na bado hakikufanya kazi waliyokinunulia.

Nvidia yenyewe iliwaelekeza wateja kwa programu ya Steam Link. Wengine walihamia Moonlight pamoja na Sunshine, programu ya wazi inayowekwa kwenye tarakilishi ili kutuma picha. Basi iliyoziba pengo lililoachwa na kampuni moja ni programu ya mshindani wake, au kazi ya watu wasiolipwa.

Sheria zinasemaje

Serikali kadhaa zimeanza kuliangalia suala la muda wa utunzaji. Nchini Uingereza, tangu Aprili 29, 2024, sheria humtaka anayeuza vifaa vya nyumbani vinavyounganishwa na intaneti aeleze muda mfupi zaidi ambao atatoa masasisho ya usalama.

Umoja wa Ulaya nao ulipitisha sheria ya usalama wa bidhaa za kidijitali mwaka wa 2024. Sheria hiyo, ambayo masharti yake makuu yalipangiwa kuanza Desemba 11, 2027, humtaka mtengenezaji kuziba mianya ya usalama kwa miaka isiyopungua mitano, isipokuwa kwa bidhaa inayotarajiwa kutumika kwa muda mfupi zaidi ya huo.

Ni vyema kuelewa mipaka ya sheria hizi. Zinahusu usalama. Hazimlazimishi mtengenezaji kuendeleza huduma ambayo kifaa kilinunuliwa kwa ajili yake. Kampuni yaweza kutimiza masharti yote, ifunge seva zake, na mteja abaki na kisanduku salama kisichofanya lolote.

La kuuliza kabla ya kununua

Vifaa vilivyoacha kutengenezwa huendelea kupita mikononi mwa watu kwa bei nafuu, na wapo wanaofaidika navyo. Mnunuzi mwangalifu ana maswali manne ya kujiuliza.

La kwanza: je, kazi nzito hufanywa na mashine iliyo nyumbani au na seva ya kampuni? Ikiwa ni ya nyumbani, kifaa kina nafuu. Ikiwa ni ya kampuni, umri wa kifaa ni umri wa huduma.

La pili: je, sasisho la mwisho lilitolewa lini? Ahadi zilizoandikwa kwenye kasha hazina uzito kama tarehe ya kazi iliyofanywa.

La tatu: je, kifaa hukubali programu za watu wengine? Kilichofungwa kwa kufuli ya kampuni hakina mrithi kampuni inapoondoka.

La nne: je, kifaa kitaunganishwa wapi? Kifaa kisichopata tena masasisho huhifadhi mianya yake ya usalama daima, na wadukuzi wanaijua. Kwa hivyo, ni heri kikae kwenye mtandao wa pembeni, ambao ruta nyingi huuwezesha kwa ajili ya wageni, na kizimwe kisipotumika. Sharti hapa ni kwamba tarakilishi inayoendesha mchezo iwe kwenye mtandao huo huo, la sivyo havitaonana.

Majibu ya maswali hayo hayategemei ukubwa wa jina la kampuni. Google ni kubwa kuliko Valve kwa mbali, lakini kisanduku cha Valve kiliendelea kutumika baada ya Stadia kuja na kuondoka.