Fidia, Bima na Fahirisi

Mkulima wa Busia, awe upande wa Kenya au upande wa Uganda, akisikia kwamba serikali itatoa fedha kwa ajili ya mazao yaliyoangamia, neno limjialo kinywani ni fidia. Wala simlaumu, kwani ni neno kongwe tulilolipata kwa Waarabu, na asili yake ni kikombozi: kile kitolewacho ili mateka afunguliwe, au kulipia saumu ya mzee asiyeweza tena kufunga. Lakini fidia humtaka mwenye dhima, na mvua iliyokataa kunyesha hapana awezaye kuishitaki.

Bima, neno lililotufikia kutoka Bara Hindi, haiulizi nani kakosa. Huuliza ada ililipwa lini na ahadi iliandikwaje. Na tangu mwaka 2016 serikali zote mbili zimeingia katika bima, si katika fidia: Kenya ilianza kwa mahindi na ngano katika Bungoma, iliyo jirani ya Busia, pamoja na Embu na Nakuru, ikibeba nusu ya ada, na Uganda ikatenga shilingi bilioni 5 katika mwaka wa fedha 2016/17 ili kumpunguzia mkulima mdogo nusu ya ada yake.

Ugumu wa istilahi umo katika namna ile iliyochaguliwa na Kenya, ambayo wataalamu huiita bima ya fahirisi ya mavuno. Fahirisi tuliijua kuwa ni ile orodha ya kitabuni ionyeshayo jambo fulani limo ukurasa gani. Wachumi wakaiazima, ikawa ni tarakimu moja inayoashiria hali ya mambo mengi. Hapa tarakimu hiyo ni wastani wa mavuno ya eneo zima. Mashamba machache huteuliwa, kipande cha kila moja hupimwa na kuvunwa, mahindi yake hupukuchuliwa yakapimwa uzito, na wastani upatikanao hulinganishwa na ule wa miaka iliyopita. Ukishuka chini ya kiwango kilichoandikwa, wenye bima wote wa eneo hilo hulipwa, hata yule ambaye shamba lake lilistawi.

Kwa afa lisilobagua, hesabu hii ni ya insafu. Batobato ya muhogo ilipotoka Uganda ikavuka kuingia magharibi ya Kenya katika miaka ya 1990, haikuchagua shamba, na wastani ungalisema kweli ya kila mtu. Lakini tuseme bima ya namna hii imewekwa katika wadi iliyo kando ya Mto Sio, kisha mto ukafurika na kuyazamisha mashamba ya bondeni peke yake, ilhali ya mlimani yamezaa: wastani utabaki juu, na mama wa bondeni, ambaye ada yake aliilipa kwa wakati, hatapata hata senti. Akiwa aliambiwa kwamba hii ni fidia, ana haki ya kusema amedhulumiwa.

Kwa hiyo mimi ningeiita bima ya wastani wa eneo, na fahirisi ningewaachia wachumi. Maana neno wastani mkulima analijua, na akilisikia siku ya kutoa ada, swali la kwanza atakalouliza ni eneo hilo mpaka wake ni upi, na kama bonde lake limehesabiwa pamoja na mlima.