Mhariri Akikata Nusu ya Kitabu

Sisi waandishi wa programu tuna desturi moja nzuri: hatutupi toleo la zamani. Mwenzako akigusa msimbo wako, mistari aliyofuta na aliyoongeza huonekana, na mkikosana mnairejesha. Hebu leo tutazame kisa cha waandishi wa vitabu ambapo nakala ya zamani ilikuja kufaa sana.

Mwandishi ni Raymond Carver wa Marekani, na mhariri wake ni Gordon Lish. Lish alimfungulia mlango mnamo 1971 alipochapisha hadithi yake "Neighbors" katika jarida la Esquire. Basi mwaka wa 1980, Lish akiwa amehamia kampuni ya Knopf, Carver alimkabidhi mswada wa hadithi 17 bila wasiwasi.

Lish alikata zaidi ya nusu ya mswada huo, akabadilisha majina na miisho. Chukua hadithi ya mtoto aliyegongwa na gari siku yake ya kuzaliwa. Wazazi wako hospitalini, na mwokaji ambaye keki yake haikuchukuliwa anazidi kuwapigia simu. Kwa Carver, mtoto anafariki, wazazi wanamwendea mwokaji usiku kwa hasira, naye anaishia kuwapa mikate moto wale. Lish alitupa karibu robo tatu. Hadithi yake inaishia simu ikilia, na hatujui mtoto alipona au la.

Tarehe 8 Julai 1980 Carver alimwandikia barua ndefu kumsihi asimamishe uchapishaji. Alikuwa ameacha pombe kwa miaka mitatu tu, akahofia kwamba kitabu kikitoka hivyo hataweza kuandika tena. Hakusikizwa. Kitabu kilitoka 1981 kwa jina "What We Talk About When We Talk About Love", na kikampa sifa kubwa.

Je, Lish alikosea? Wapo wasomaji wengi wanaopenda toleo lake, na kweli ule ufupi una nguvu. Kwa maoni yangu kosa si kalamu yake. Kosa ni kwamba mwenye kitabu alisema hapana, na kazi ikaendelea. Mhariri hupendekeza, anayeidhinisha ni yule ambaye jina lake liko kwenye jalada.

Kwa kitabu cha "Cathedral" cha 1983, Carver alikataa kukatwa namna ile, na humo akairudisha hadithi ya mwokaji ikiwa ndefu. Alifariki 1988. Bahati nzuri, mswada wenye mikato ya Lish ulihifadhiwa katika maktaba ya Lilly, Chuo Kikuu cha Indiana. Kutokana nao, hadithi zote 17 zilichapishwa 2009 kama Carver alivyoziandika, kwa jina "Beginners". Sasa msomaji anaweza kuweka vitabu viwili mezani, akalinganisha na kuamua mwenyewe.

Kwa hivyo wewe unayeandika, weka nakala. Na wewe unayehariri, uliza kabla ya kukata.