Chapa

Sokoni Arua, Uganda, mteja akikunjua kitenge kilichovuka kutoka Kongo huuliza: chapa gani hii? Neno hilo limetembea kuliko kitenge chenyewe. Asili yake ni Bara Hindi, ambako mafundi huchonga vibao vya mbao, huvichovya rangi na kuvigandamiza juu ya kitambaa. Likatua pwani ya Afrika Mashariki, likapanda bara. Waganda wakalifanya kyapa, na leo hati ya ardhi kwao ni kyapa.

Mimi hulisikia vizuri zaidi nikitazama kazi za Fred Mutebi, msanii wa Uganda. Ubao wake ni mmoja tu. Huchonga, hupaka rangi, huchapa nakala zake zote. Kisha huuchonga tena ubao uleule kwa rangi inayofuata. Ikifika rangi ya mwisho, ubao umeliwa na patasi na hauwezi tena kurudia picha. Masimulizi ya watu aliyoyachonga yamehamia kwenye karatasi, nayo karatasi huenda nyumba nyingi.

Hapa Mvara, Arua, vijana wanaoweka maandishi kwenye fulana husema “kuprinti”. Naomba waseme kuchapa. Ndani ya neno hilo bado kuna mkono na ubao.