Waliovuka Bahari: Kumbukumbu ya Askari Wetu wa Vita vya Burma

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu wa jumuiya yetu wamenitaka niandike katika kitabu hiki maneno machache juu ya wazee wetu waliokwenda vita vya Burma. Nimekubali kwa moyo, kwani vijana wengi hulisikia jina hilo katika mazungumzo ya nyumbani, lakini hawajui nchi hiyo iko upande gani wa dunia, wala babu zao waliona nini huko.

Msomaji ajue kwanza kuwa mji wetu wa Bombo na jeshi la Keya ni kama ulimi na mate. Mababu wa Wanubi walikuwa askari wa Emin Pasha, na mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwachukua wengi wao akawatia katika utumishi wake. Keya ilipoundwa mwaka 1902, batalioni yake ya 4 ikawa ya Uganda, na kwa miaka mingi makao yake yalikuwa hapa Bombo. Kiswahili kikawa lugha ya kambini, kikawaunganisha watu wa makabila ambayo hapo awali hayakuwa na neno moja la kusemezana.

Vita Vikuu vya Pili vilianza mwaka 1939, na hata vilipokwisha watu wapatao 77,000 wa Uganda walikuwa wametumika jeshini, Waislamu na wasiokuwa Waislamu. Japani iliingia vitani Desemba 1941. Singapore ikaanguka Februari 1942, na Burma nayo ikatekwa mwaka huo huo. Hapo ndipo brigedi ya 21 ya Afrika Mashariki ilipopelekwa Ceylon, ambayo leo huitwa Sri Lanka, kukilinda kisiwa hicho. Mwaka 1943 ikaundwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, na alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru. Katika batalioni zake 9 za askari wa miguu, 3 zilikuwa za Uganda: ya 4, ya 34 na ya 44. Nyingine zilitoka Kenya, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Si wote waliofika. Tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives, ikazama kwa muda mfupi sana. Ndani yake mlikuwa na rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki. Watu zaidi ya 1,200 walikufa. Watu hao hawana makaburi ya kuzuriwa. Kaburi lao ni bahari.

Baada ya Wajapani kushindwa katika mapigano ya Imphal na Kohima, yaliyokwisha Julai 1944, Divisheni ya 11 ilipewa kazi ya kuwafuata katika bonde la Kabaw. Bonde hilo, kutoka Tamu hadi Kalemyo, lina urefu wa maili zipatazo 80, na lilikuwa na sifa mbaya kwa malaria na homa ya papasi wadogo wa majani. Majeshi mengine yalizoea kupumzika wakati wa masika. Askari wetu waliamriwa kwenda mbele mvua ikinyesha. Barabara iligeuka tope la magoti, magari yakanasa, chakula na risasi zikawa zinadondoshwa na ndege kwa miavuli. Adui alijificha katika mahandaki vilimani, na ilibidi atolewe shimo kwa shimo.

Sisi Waislamu yatupasa kuangalia jambo moja katika tarehe hizo. Ramadhani ya mwaka 1363 wa Hijra iliandama karibu na tarehe 20 Agosti 1944, wakati askari hao wakiwa ndani ya bonde lile. Sheria yetu tukufu imempa msafiri na mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa baadaye, na imeweka namna ya kusali mbele ya adui. Mafunzo hayo tunayoyasoma msikitini kwa utulivu, wao yaliwakuta msituni, katika mvua na milio ya mizinga.

Mawlaik ilitwaliwa Novemba, na mwezi huo huo wakakutana huko Kalemyo na Divisheni ya 5 ya Bara Hindi. Idi Kubwa ilipita, na siku chache baadaye, tarehe 2 Desemba 1944, wakaingia Kalewa, penye mto Chindwin. Hapo likajengwa daraja la chuma lenye urefu wa futi 1,154, refu kuliko madaraja yote ya namna yake kwa wakati ule, na juu yake jeshi kubwa likavuka kwenda Mandalay, iliyotekwa Machi 1945. Njia ya ushindi ule ilifunguliwa na watu wa kwetu.

Waliporudi, malipo yao hayakuwa sawa na ya wenzao. Karatasi za jeshi zilizotangazwa mwaka 2019 zilionyesha kuwa bakshishi ya kumaliza vita ilipimwa kwa rangi ya mtu, na Mzungu wa cheo kile kile aliweza kupata hata mara tatu ya Mwafrika. Malaria ya Kabaw haikuwabagua, wala risasi. Hesabu ya fedha ndiyo iliyowabagua.

Wako wanaouliza: kwa nini tuwaheshimu watu waliopigana vita vya mkoloni? Swali hili ni la haki, na halifai kufukuzwa kwa ukali. Jawabu langu ni kuwa hatuiheshimu dola iliyowatuma. Tunauheshimu uvumilivu wao, na uaminifu wa mtu kwa mwenziwe penye shida, na tunalia na dhuluma waliyotendewa. Ama nani ni shahidi na nani siye, hilo ni la Mwenyezi Mungu ajuaye nia.

Tena heshima hutaka ukweli. Imesemwa na kuandikwa mara nyingi kuwa Idi Amin, aliyetwaa utawala wa Uganda mwaka 1971, alipigana Burma. Yeye aliingia Keya mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha. Jambo la kusikitisha ni kuwa asiyekwenda huko alivikwa sifa hiyo, na waliokwenda wengi wao hawatajwi hata katika nyumba zao.

Kwa hiyo nawausia ndugu zangu mambo matatu. Kila nyumba iliyo na karatasi, nishani au picha ya mzee wa Burma iihifadhi, na jina lake liandikwe katika daftari la jumuiya. Wajane na mayatima wa ukoo huo, wakiwapo wenye dhiki, wawe wa kwanza kuangaliwa. Na katika khitma zetu, tusiwasahau waliolala Taukkyan karibu na Rangoon, ambako mnara una majina karibu 27,000 ya wasiojulikana makaburi yao, wala wale waliochukuliwa na bahari.

Ewe Mola, wasamehe waliotangulia katika waumini, uwarehemu, na utujaalie sisi tuliobaki tusiwe wasahaulifu wa wema. Amin.