Apsi na vikanisa vya pembeni

Apsi ni sehemu ya kanisa yenye umbo la nusu duara au la pembe kadhaa, nyuma ya altare kuu, kwa kawaida upande wa mashariki. Vikanisa vya pembeni ni vyumba vidogo vyenye altare zao, kwenye apsi au ubavuni mwa jengo. Apsi si mihrabu: mihrabu, kidaka cha msikitini kama kile cha Kizimkazi, Unguja, chenye maandishi ya mwaka 1107, huonyesha kibla tu.

Asili na sababu

Umbo hili lilirithiwa kutoka basilika za Kirumi, ambamo hakimu aliketi katika nusu duara. Baadaye askofu akakalia nafasi hiyo. Katika Zama za Kati vikanisa viliongezeka hasa kwa hesabu ya mapadre. Kila padre alisoma misa yake peke yake, hivyo abasia yenye mapadre wengi ilihitaji altare nyingi. Ramani ya abasia ya Sankt Gallen, ya takriban mwaka 820, inaonyesha kanisa lenye apsi mbili na altare zaidi ya kumi.

Sababu ya pili ni masalia ya watakatifu. Katika kanisa la Saint-Sernin, Toulouse, lililowekwa wakfu mwaka 1096, njia inaizunguka apsi, na vikanisa vitano vimepakana nayo. Vingine vinne viko kwenye mabawa ya kanisa. Mahujaji walipita nyuma ya waimbaji bila kuwakatiza sala. Ni ubunifu wa werevu zaidi kuliko madoido mengi ya Kigothi yaliyofuata.

Unguja

Katika Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini, lililoanza kujengwa mwaka 1873 palipokuwa soko la watumwa, Askofu Edward Steere alizikwa nyuma ya altare, yaani sehemu ya apsi, mwaka 1882.

Ufipa

Wamisionari Wakatoliki waitwao Mapadre Weupe walipokea ngome ya Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kutoka kwa Wabelgiji mwaka 1885, kisha wakapanda Ufipa. Kanuni ya mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, ilitaka wamisionari wasiopungua watatu katika kila kituo. Palipokuwa na mapadre zaidi ya mmoja, ama altare za pembeni zilihitajika ama misa zilipangwa kwa zamu: hesabu ileile ya Sankt Gallen.

Siku hizi

Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliruhusu mwaka 1963 mapadre kuadhimisha misa pamoja kwa upana zaidi. Kwa hiyo kila padre hahitaji tena altare yake, na altare nyingi za pembeni sasa hubeba sanamu ya Bikira Maria na maua.