Wesley Guild, Ilesha: Hospitali Iliyowakabidhi Akina Mama Kadi

Mji wa Ilesha uko kusini-magharibi mwa Nigeria, katika nchi ya Waijesha, ambao ni sehemu ya Wayoruba. Ni nchi ya vilima, misitu na mashamba ya kakao, na mtawala wake wa jadi huitwa Owa Obokun. Mwanzoni mwa karne ya 20 wamisionari wa Kimethodisti kutoka Uingereza walifungua huko kituo cha tiba, nacho kikakua hadi kuwa Hospitali ya Wesley Guild. Jina hilo ni la chama cha vijana wa kanisa lao kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1896. Vijana hao walichanga fedha kuitegemeza hospitali ambayo wengi wao hawakuwahi kuitia machoni.

Historia hii fupi inaikumbuka hospitali hiyo, hasa kazi iliyofanyika humo na katika mji jirani wa Imesi-Ile kuanzia mwaka 1956. Karibu miaka 70 imepita tangu wakati huo. Madaktari wengi Wakristo wamejitolea Afrika Magharibi, na wengi wanastahili kukumbukwa. Ilesha inastahili kumbukumbu ya pekee kwa sababu walioitumikia waligundua kwamba daktari wa kujitolea humsaidia mgonjwa zaidi anapowafundisha wengine kazi yake na kuwaachia waifanye.

Kazi ya hospitali ya misheni

Hospitali ya misheni ya wakati ule ilikuwa na madaktari wachache na wagonjwa wasiohesabika. Daktari aliyekuja kutoka ng'ambo alijikuta akipasua, akizalisha, akizungukia wodi, akisimamia dawa na kufundisha wauguzi, yote katika juma moja. Aliishi kwa posho ya misheni, mbali na wenzake wa taaluma, na alipokwama hakuwa na bingwa wa kumpigia simu. Dk. Andrew Pearson, aliyeitumikia Ilesha kwa miaka mingi na baadaye kuandika historia yake, aliyajua maisha hayo vizuri. Katika maandishi yake aliwaita madaktari wa aina hiyo watu wa mstari wa mbele, na hakuna aliyewahi kufanya kazi katika hospitali ya wilaya atakayebisha.

Walikuja kwa sababu ya imani. Waliamini kwamba kumhudumia mgonjwa ni kumhudumia Kristo, na imani hiyo iliwatia nguvu ya kuamka tena usiku wa pili na wa tatu. Lakini bidii pekee haikuwatosha watoto wa Ilesha. Mtoto alitibiwa kuhara, akaruhusiwa kwenda nyumbani, akarudi na nimonia. Akipona nimonia, alirudi na utapiamlo. Safari nyingine hakurudi kabisa. Wayoruba walikuwa na neno abiku kwa mtoto anayezaliwa na kufa, kisha akazaliwa tena na kufa tena. Imani ya namna hiyo huota mizizi mahali ambapo vifo vya watoto vimezoeleka kuliko inavyostahili.

Daktari aliyetoka wodini

Mwaka 1956 aliwasili Ilesha Dk. David Morley, daktari wa watoto aliyezaliwa Uingereza mwaka 1923 na kusomea Cambridge na Hospitali ya St Thomas', London. Alikuwa Mkristo aliyeichukua imani yake kwa uzito, na pia mtafiti mwenye macho ya kuona. Aliyoyaona wodini yalimfanya aulize swali ambalo hospitali yenyewe haikuwa na nafasi ya kuliuliza: huko nyumbani, kabla hajaletwa hapa, mtoto huyu alipatwa na nini?

Swali hilo lilikuwa limeulizwa Uingereza pia. Huko Newcastle, Profesa James Spence na wenzake walikuwa wamefuatilia watoto wa familia 1,000 waliozaliwa mwaka 1947, nyumba kwa nyumba, ili wajue magonjwa yanayomkuta mtoto katika maisha yake ya kawaida. Ilesha jambo hilo lilihitaji mahali padogo, penye watu wanaofahamiana na walio tayari kupokea wageni wenye maswali. Mahali hapo palikuwa Imesi-Ile.

Imesi-Ile ni mji wa vilimani kaskazini mwa Ilesha. Katika historia ya Wayoruba unakumbukwa kwa vita vya Kiriji, ambamo majeshi ya Ibadan na ya muungano wa Ekiti na Ijesha yalipambana kwa miaka mingi, na kwa mapatano ya amani yaliyofikiwa huko mwaka 1886. Kuanzia mwaka 1957 watoto waliozaliwa hapo waliandikishwa, mamia kadhaa kwa jumla, wakafuatiliwa mwezi baada ya mwezi hadi walipofikisha miaka mitano. Muuguzi mkunga Margaret Woodland ndiye aliyekuwa nguzo ya kazi hiyo pale mjini. Yeye na wasaidizi wa Kiyoruba walipima uzito, walitembelea nyumba, walitibu na kuandika kila walichokiona.

Kliniki ya watoto wa chini ya miaka mitano

Kilichozaliwa Imesi na Ilesha kilikuja kuitwa kliniki ya watoto wa chini ya miaka mitano. Leo utaratibu wake unaonekana wa kawaida kabisa, na kuzoeleka huko ndiko kunakoonyesha jinsi ulivyokubalika. Wakati ule kinga na tiba zilikuwa mambo mawili: huku kulikuwa na zahanati ya wagonjwa, kule kituo cha kupima watoto wazima, na mama aliambiwa mtoto mwenye homa asimlete siku ya kupima. Imesi mlango ulikuwa mmoja. Mtoto mzima na mtoto mgonjwa walipokelewa pamoja. Aliyekuja kwa kikohozi alipewa dawa, akapimwa uzito, akachanjwa kifaduro, akapewa dawa ya kuzuia malaria, na mama akazungumza na muuguzi kuhusu uji na maharage bila kufunga safari ya pili.

Badiliko kubwa zaidi lilikuwa kwamba wengi wa watoto hao hawakuonwa na daktari. Wauguzi walifundishwa kutambua na kutibu magonjwa yaliyo mengi, na kumpeleka kwa daktari mtoto aliyewashinda. Madaktari wengi wa zama zile waliona ni hatari kumpa muuguzi madaraka ya kuamua tiba. Lakini hesabu ilikuwa wazi. Daktari mmoja mbele ya mamia ya watoto ana dakika moja au mbili kwa kila mmoja, na muda huo hautoshi hata kumvua mtoto shati. Muuguzi wa Kiyoruba aliyefundishwa vizuri, anayesema lugha ya mama na kujua chakula kinachopikwa nyumbani kwake, alikuwa na nafasi ya kusikiliza.

Matunda yalionekana. Katika miaka ya 1960 mtafiti Nicholas Cunningham aliilinganisha Imesi na mji jirani wa Oke-Mesi ambao haukuwa na kliniki ya aina hiyo. Vifo vya watoto wachanga Imesi vilikuwa vichache sana kuliko vile vya Oke-Mesi, na vifo vya wenye umri wa mwaka mmoja hadi minne vilikuwa kama theluthi moja tu.

Kadi iliyokaa nyumbani

Wasomaji wa Afrika Mashariki wana deni na Ilesha, hata kama hawajawahi kulisikia jina lake. Kadi ya kliniki ambayo mama wa Tanzania au Kenya hubeba mtoto anapokwenda kupimwa, yenye mstari wa uzito unaopanda mwezi kwa mwezi, ukoo wake unarudi kwenye kadi aliyoibuni Morley huko.

Alianza na tatizo la kawaida la mafaili. Hospitali ilitunza kumbukumbu za watoto, na kumbukumbu hizo zilipotea au zilichukua saa nzima kutafutwa. Morley akaamua kadi aitunze mama. Wataalamu walimwonya kwamba wanawake wasiosoma wataipoteza au kuichafua. Akaitia kadi kwenye mfuko wa nailoni na kuwakabidhi. Ikadhihirika kwamba akina mama walizitunza vizuri kuliko ofisi za hospitali zilivyotunza mafaili, kwa kuwa mama alijua kadi ile inamhusu mtoto wake.

Kadi ilichora uzito kwa umri na kuonyesha njia ambayo mtoto mwenye afya hupitia. Muuguzi hakuhitaji hesabu ngumu. Kilichotazamwa kwanza ni mwelekeo wa mstari: ukipanda, mtoto anakua hata kama ni mdogo kwa umbo, ukilala, kuna jambo nyumbani, hata kama mtoto bado anacheza. Utapiamlo ulionekana miezi kadhaa kabla miguu haijavimba. Pembeni paliandikwa sababu za kumwangalia mtoto huyo kwa makini zaidi, kwa mfano ndugu zake waliofariki au kuzaliwa kwake pacha.

Surua

Kadi hizo zilifunua jambo lingine. Ulaya ya miaka ya 1950 ilikuwa imeanza kuiona surua kama ugonjwa mdogo wa utotoni. Kwenye mistari ya watoto wa Imesi, surua ilionekana kama shimo. Mtoto alipungua ghafla, na wengine walichukua miezi mingi kurudia uzito wao. Iliwapata wangali wadogo, mara nyingi wakiwa na lishe duni, na iliua kwa kiwango ambacho daktari wa London asingeamini.

Huko Boston, maabara ya John Enders ilikuwa ikitengeneza chanjo ya surua. Morley aliwaandikia, na Dk. Samuel Katz wa maabara hiyo akafika Nigeria. Jaribio lililofuata miongoni mwa watoto wa Nigeria lilionyesha kwamba chanjo iliwakinga, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1962. Mwaka uliofuata chanjo ya surua ilipata kibali Marekani. Kwa hiyo kabla chanjo hiyo haijazagaa katika nchi tajiri, watoto wa vilima vya Ijesha walikuwa wameshachangia kuithibitisha, na wazazi wao wanastahili kutajwa katika historia ya chanjo pamoja na wanasayansi.

Kutoka Ilesha hadi duniani

Morley aliondoka Nigeria mwaka 1961 na kuanza kufundisha London. Kliniki ya Ilesha ilisafiri kwa njia ya kalamu na ya wanafunzi. Mwaka 1966 Maurice King, aliyekuwa Makerere, alihariri kitabu cha tiba kwa nchi zinazoendelea kilichosomwa sana na madaktari wa Uganda, Kenya na Tanzania, na sura ya kliniki ya watoto wa chini ya miaka mitano iliandikwa na Morley. Mwaka 1965 alianzisha TALC, taasisi ya kusambaza vitabu, slaidi na vifaa vya kufundishia kwa bei ambayo muuguzi wa zahanati angeweza kuilipa. Baadaye alishiriki kuanzisha mpango wa Mtoto kwa Mtoto, unaowafundisha watoto wa shule kulinda afya ya wadogo zao. Shirika la Afya Duniani lilitoa kadi yake lenyewe ya ukuaji mwaka 1978, na katika miaka ya 1980 UNICEF iliuweka ufuatiliaji wa ukuaji kati ya nguzo nne za kuokoa maisha ya watoto, pamoja na maji ya chumvi na sukari, kunyonyesha na chanjo. Morley alifariki mwaka 2009.

Haki inatudai tuseme pia kwamba mahali pengi kadi ilienea kuliko mazungumzo yaliyoipa maana. Watoto walipimwa, nukta ikatiwa, mama akaambiwa arudi mwezi ujao. Watafiti walipouliza kama kupima uzito kwa namna hiyo kunaokoa maisha, majibu yalikatisha tamaa. Imesi haikuwa hivyo. Pale mizani ilifungua maongezi, na muuguzi alikuwa na dawa mkononi na muda wa kufika nyumbani kwa mtoto ambaye mstari wake umelala.

Kukabidhi

Nigeria ilipata uhuru mwaka 1960, na hospitali za misheni zilikabiliwa na swali la mwenye nyumba. Mwaka 1975 Wesley Guild iliingia katika mfumo wa hospitali za kufundishia za Chuo Kikuu cha Ife, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Obafemi Awolowo. Jina la Wesley Guild halikufutwa. Madaktari na wauguzi wa Nigeria wanafundishwa hapo, na mabingwa wa watoto wa Nigeria wanaongoza wodi zilizokuwa zikimngojea mgeni. Wazo la kumpa muuguzi madaraka ya kumtibu mtoto lilipata watetezi wakubwa nchini humo, akiwemo Profesa Olikoye Ransome-Kuti, daktari wa watoto aliyekuwa Waziri wa Afya kuanzia 1985 hadi 1992 na aliyeipa huduma ya afya ya msingi nafasi ya mbele.

Makanisa yetu bado yanatuma na kupokea madaktari wa kujitolea. Hujitoa kwa wiki mbili, kwa mwaka, na wengine kwa maisha yote, na hakuna anayepaswa kudharau usiku wanaoukesha. Ilesha inawaomba wafanye zaidi ya kukesha. Kabla ya kuhesabu upasuaji, wamuulize muuguzi wa mahali hapo anachokijua. Waandike wanachokiona kwa namna ambayo atakayewafuata ataisoma. Wamkabidhi mgonjwa kumbukumbu zake na wamweleze maana yake. Na siku ya kuondoka ikifika, kazi iwe tayari mikononi mwa watu wanaobaki, wakiwa na ujuzi wa kuiendesha na mamlaka ya kuibadilisha. Kwa Mkristo anayekwenda kuhudumu, huo ndio unyenyekevu unaookoa watoto.