Moto Umekwama Wapi?

Majira ya baridi London, siku mbili mfululizo niliongeza moto kwenye boila. Kilichopanda ni bili tu. Rejeta ya ukutani ilikuwa imechemka chini, juu baridi kabisa. Kumbe hewa imenasa ndani. Nikafungua koki ndogo ya pembeni, ikatoka shiii, maji yalipoanza kudondoka nikafunga.

Mwenzangu wa zamani ni John Soane, msanifu majengo. Nyumba yake ya Lincoln's Inn Fields, leo makumbusho, ilimtesa kwa baridi. Alijaribu mvuke, ukamshinda. Mwaka 1832, akikaribia miaka 80, ndipo akafungiwa mabomba ya maji moto ya Angier March Perkins.

Moto aliwahi kuwa nao. Njia ndiyo aliyokosa.